Kazi Iliyofunikwa

Je, mtu aliyefanya kazi yake kwa uaminifu, ikapimwa na kuonekana njema, aweza kudaiwa kwa ubovu ulioiingia baadaye? Usijibu haraka, ewe msomaji. Kwanza nifuate mpaka jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, ambako wakati wa baridi ardhi yaweza kuganda kama jiwe hata zaidi ya mita moja kwenda chini.

Huko, kabla ya kufukia taka, watu huchimba shimo pana na kulitandika udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa. Kanuni ya Marekani ya mwaka 1991 yataka tandiko hilo liwe na unene wa sentimita 60 hivi, nalo lipitishe maji polepole mno, yapata sentimita 3 tu kwa mwaka. Juu yake hutandazwa plastiki nene, ili sumu ya taka isifike visimani.

Sasa tuseme fundi amemaliza udongo wake mwezi wa Novemba. Umepimwa, naye amepewa hati. Theluji yaanguka kabla plastiki haijatandazwa, na udongo walala wazi miezi mingi. Maji yakiganda huongezeka ukubwa kwa sehemu 9 hivi katika 100. Wala hilo silo baya kuliko yote. Barafu ikianza kufanyika huyavuta maji ya jirani, yakajikusanya kuwa vipande vyembamba; udongo ulio kati hukauka, ukasinyaa, ukapasuka. (Aliyelala juu katika Mlima Kenya, penye mita 4,000, huenda ameona alfajiri sindano za barafu zimeinua vijiwe.) Jua la Aprili huyeyusha barafu, lakini nyufa hubaki. Wachunguzi wameona udongo wa namna hii ukipitisha maji mara 10, mara 100, pengine hata mara 1,000 kuliko mwanzo, na sehemu kubwa ya madhara hutokea katika kuganda kwa mara chache za kwanza.

Fundi arudi. Kwa macho, udongo ni ule ule. Hati anayo. Akinyamaza, plastiki itafunika, taka zitafunika, naye atalipwa.

Mimi nasema anadaiwa. Si kwa ajili ya baridi, maana hakuileta yeye, bali kwa sababu aijua kazi ya baridi. Hati yasema udongo ulivyokuwa Novemba. Haisemi neno juu ya Aprili. Angaliweza kuufunika kwa udongo mwingine mapema. Kwa kuwa hakufanya hivyo, na achimbue tabaka lililoganda, alishindilie upya, likapimwe tena. Ni gharama, tena ni aibu kidogo.

Utaniambia kwamba sheria yenyewe, kwa kawaida, humtaka mwenye jaa alitunze miaka 30 tu baada ya kulifunga. Ni kweli. Lakini mtoto atakayechota maji mwaka wa 31 hakuulizwa. Mwanafunzi wangu mmoja alipata kushikilia kwamba hatuwezi kuwa na deni kwa mtu asiyekuwapo bado. Nilimwuliza ni nani aliyechimba kisima cha shule yetu. Hakujua, nami sikujua, ingawa nilikuwa nimekunywa maji yake asubuhi ile.