Injini Ikishika, Achia Kamba

Neno kuu: Matendo ya Mitume 9:26–28, 11:22–26, 13:1–13, 15:36–39



Jumapili hii nataka tumtazame Barnaba. Wengi wetu tukifungua kitabu cha Matendo tunamkimbilia Petro, tukitoka kwa Petro tunamkimbilia Paulo, na huyu Barnaba tunampita njiani tu bila hata salamu. Lakini soma vizuri sura ya 9. Sauli ameokoka, amefika Yerusalemu, anataka kujiunga na wanafunzi, na wote wanamwogopa. Hakuna anayeamini. Ni nani aliyemshika mkono akampeleka kwa mitume? Ni Barnaba.

Ili tuielewe kazi ya Barnaba, nitatumia kitu ambacho karibu kila nyumba hapa inakijua: ile kamba ya kuwashia jenereta. Stima ikipotea katikati ya sifa, kila mtu anageuza macho upande wa mlango, akingoja kusikia mngurumo kule nje. Wenzetu wa mashamba wanaijua kamba hiyo kwenye pampu ya maji. Wavuvi wa Ziwa Viktoria wanaijua kwenye injini ya mashua. Anayepasua mbao kwa msumeno wa injini anaijua pia. Ni kamba fupi tu, yenye kishikio cha plastiki au mpira. Lakini ndani yake kuna mahubiri.

Kinachofanyika ndani ya kile kifuniko

Fundi akifungua kile kifuniko cha pembeni, utaona kamba imezungushwa kwenye puli. Nyuma ya puli kuna springi bapa iliyojikunja kama konokono. Kwenye puli kuna vijino vidogo. Ukivuta kamba, puli inazunguka, vijino vinachomoza nje na kushika kikombe cha chuma kilichofungwa kwenye gurudumu zito la injini. Sasa mkono wako ndio unaoizungusha injini. Pistoni inapanda na kushuka, inavuta hewa na petroli, inaikandamiza. Na lile gurudumu lina sumaku. Sumaku ikipita mbele ya koili, umeme unazaliwa, unakimbia hadi kwenye plagi, cheche inaruka. Injini imeshika!

Sasa sikiliza vizuri, mpendwa. Injini ikishika, inazunguka kwa kasi kuliko mkono wako. Papo hapo vile vijino vinateleza na kurudi ndani. Vinaachia. Havingoji kuambiwa. Na wewe ukiirudisha kamba, springi inaivuta na kuikunja tena mahali pake, tayari kwa siku nyingine.

Zamani injini nyingi hazikuwa na springi. Ulikuwa unafunga fundo, unalitia kwenye pengo la puli, unazungusha kamba kwa mkono, unavuta, inachomoka yote. Isiposhika, unaanza tena kuizungusha. Aliyebuni ile ya kujirudisha alitupunguzia jasho.

Mwambie jirani yako: kuna wakati wa kuvuta, na kuna wakati wa kuachia.

La kwanza: kabla ya kuvuta, angalia

Umewahi kuona kijana akivuta jenereta mara ishirini, shati limelowa, na swichi iko kwenye OFF? Angeweza kuvuta mpaka usiku. Cheche haitatoka. Au mfereji wa petroli umefungwa. Au oili imepungua: jenereta nyingi za siku hizi zina kifaa kinachozuia cheche oili ikiwa chini, ili injini isijiue. Wewe unafikiri mashine ni mkaidi, kumbe inakwambia, "Nina kiu."

Barnaba hakukaa Antiokia na kutuma barua ya lawama. Sura ya 11 inasema alifunga safari hadi Tarso kumtafuta Sauli. Alikwenda mwenyewe. Alipompata ndipo akaja naye.

Wazazi, tunavuta watoto wetu kwa kelele. "Kwa nini huombi? Kwa nini huji kanisani? Mtoto wa fulani mbona anafanya?" Kila siku kamba, kila siku kamba. Umeuliza oili iko wapi? Pengine kijana amefukuzwa kazi na hajakuambia. Pengine binti anabeba jambo ambalo anaogopa kulitaja mezani. Mkono wako hauna kosa la nguvu. Kuna swichi mahali fulani ambayo hujaigusa.

Hata kuvuta kwenyewe kuna adabu yake. Fundi anakufundisha: vuta kwanza polepole mpaka uhisi uzito. Ule uzito ni injini ikikwambia pistoni iko wapi. Rudisha kidogo, halafu vuta kwa nguvu, mara moja, bila kusitasita. Ukivuta kwa kulegea, injini inaweza kurudisha teke na kukunyang'anya kamba mkononi. Basi uhisi uzito wa mtu kabla ya kumsukuma. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

La pili: cheche haitoki kwenye kamba

Hapa ndipo watumishi wengi tunapotea. Kamba haina moto. Haina petroli, haina sumaku, haina plagi. Kamba inazungusha tu kile ambacho mwenye kuitengeneza injini alikwisha kukiweka ndani.

Paulo anamwandikia Timotheo, waraka wa pili sura ya 1, akimkumbusha aichochee ile karama iliyo ndani yake. Iko ndani yake tayari. Mungu ndiye mtoaji. Mikono ya Paulo ilikuwa juu ya kichwa cha Timotheo, lakini moto haukuwa wa Paulo.

Kwa hiyo mama, ukiona mwanao ameinuka, mshukuru Mungu, usidai risiti. Na wewe mwalimu wa Sunday school uliyemfundisha mtu ambaye leo anahubiri kukuliko, usinung'unike. Kamba haijawahi kuionea wivu injini kwa sababu ya mngurumo wake.

La tatu: ikishika, achia

Tazama mpangilio wa majina. Mwanzo wa sura ya 13 tunasoma Barnaba na Sauli. Barnaba yuko mbele, ndiye mzee, ndiye aliyemleta mwenzake. Wanakwenda Kipro, nyumbani kwa Barnaba. Halafu ukifika aya ya 13, Luka anaandika habari za Paulo na wenziwe. Jina la Barnaba halionekani hata! Na kuanzia hapo, mara nyingi ni Paulo na Barnaba. Injini imeshika, inazunguka kwa kasi kuliko mkono ulioiwasha. Na katika sura hiyo yote huoni Barnaba akilalamika. Vijino vyake vimerudi ndani.

Hili si jepesi, na sitaki kulifanya jepesi. Mama mmoja alikuja ofisini kwangu. Mwanawe ana miaka ishirini na tisa, ameoa, ana kazi. Mama bado anampigia simu kila asubuhi kujua ameamkaje, bado anaamua wajukuu wasome shule gani, na sasa mkwe amerudi kwao. Mama akaniuliza, "Pasta, nikiacha, si ni kama nimemtupa?" Alikuwa analia, na yale machozi yalikuwa ya upendo wa kweli.

Nilimwambia hivi: Mama, kamba ikiachia haiendi mbali. Inabaki palepale, imefungwa kwenye ile ile mashine, kando tu. Siku injini ikizimika, itahitajika tena. Lakini kijino kikikataa kurudi ndani injini ikiwa inazunguka, kitu lazima kivunjike. Ama kitavunjika kijino, ama kitaharibika kikombe. Umeniletea habari za kitu kinachovunjika.

Na kuna jambo la pili kuhusu jenereta ambalo ni la roho na la mwili pia, na mashemasi wa kesha mlisikie. Jenereta inayounguruma haikai ndani ya nyumba. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na imeua watu wakiwa wamelala. Hata dirisha likiwa wazi haitoshi. Iweke nje, mbali na milango na madirisha. Ikiwa imezima unaweza kuifungia stoo. Ikishika, mahali pake ni nje, penye hewa. Vivyo hivyo na mtoto aliyekua. Vivyo hivyo na huduma iliyokua. Ukiifungia ndani kwa sababu unaipenda, hewa itaharibika, na wa kwanza kuumia ni mliomo chumbani.

Sasa niseme la nyumbani kwetu. Tawi letu tulilianzisha tukiwa na familia sita chini ya mwembe. Leo wana ibada mbili, wana kwaya, wana viti vyao. Lakini sahihi za akaunti yao ya benki bado ni za wazee wa hapa. Wakitaka kununua mabati, wanatuma mtu huku kuomba. Wazee wangu, nawaheshimu. Mlivuta kamba ile wakati hakuna aliyeamini, wengine mlitembea kwa miguu kwenda kule. Mungu haisahau kazi hiyo. Lakini imeshika! Katika kikao cha Jumamosi nitaomba sahihi zihamishwe kwa wazee wa tawi, na yangu itakuwa ya kwanza kutolewa. Tuombeane tukikutana.

Rudisha kamba kwa mkono

Jambo la mwisho. Injini ikishika, usiachie kishikio ghafla kikaruka na kugonga kifuniko. Ukifanya hivyo kila siku, utavunja springi au kishikio. Unakishika, unakirudisha taratibu mpaka kikae mahali pake. Kuachia kuna heshima yake. Usiache kwa hasira: "Basi, jisimamieni tuone!" Huko ni kukirusha kishikio. Wapeni vitabu, waonyesheni hesabu, muwaombee, halafu mrudi nyuma taratibu.

Na ona kwa nini kamba inarudi. Inarudi ili ivutwe tena. Sura ya 15, Paulo na Barnaba wanakosana juu ya Yohana Marko, yule kijana aliyewaacha safarini. Paulo hamtaki. Barnaba anamchukua Marko na kwenda naye Kipro. Mnaona? Kamba imerudi mahali pake, na sasa inavutwa kwa ajili ya mwingine. Kama Barnaba angebaki amemshikilia Paulo, nani angemshika Marko? Na miaka baadaye, katika 2 Timotheo 4, Paulo mwenyewe anaomba aletewe Marko, kwa sababu anamfaa kwa utumishi. Mkono wa Barnaba haukupotea bure.

Kwa wewe ambaye yako haijashika

Najua kuna mtu anasoma akisema, "Pasta, wewe unahubiri habari za kuachia. Yangu haijashika hata mara moja. Nimevuta miaka kumi." Mume bado anakunywa. Kijana bado yuko mtaani. Mkono umechoka.

Mpendwa, sitakuambia huna imani. Sikia tu anachofanya fundi. Injini ikivutwa mno huku choki imefungwa, petroli inajaa, plagi inalowa, na kuvuta zaidi kunaongeza kulowa. Fundi anaacha kuvuta. Anafungua choki, anatoa plagi, anaipangusa, anaiacha ikauke. Mtu akipita atafikiri amekata tamaa. Hajakata tamaa, ameketi pale pale kando ya injini.

Yule baba wa Luka 15 hakumfuata mwanawe nchi ya mbali ili amburute. Lakini kijana aliporudi, baba alimwona angali mbali. Mtu hamwoni mwenzake akiwa mbali kama haangalii njia. Basi wiki hii pumzisha kelele, usipumzishe maombi. Na ukichoka kabisa, mwite mwingine avute. Njoo Jumatano katika maombi ya katikati ya wiki, tutashika kishikio pamoja nawe. Hakuna sheria inayosema mkono lazima uwe mmoja.

Tuombe

Baba, asante kwa waliotuvuta wakati tulikuwa tumezima. Wengine wamelala mavumbini na hatukuwahi kuwashukuru. Tupe macho ya kuangalia kabla ya kuvuta. Wanaoshikilia kilichokwisha kuwaka, wape neema ya kuachia taratibu. Waliochoka kuvuta, wapumzishe mkono, na cheche utoe wewe mwenyewe. Na utuonyeshe Marko wetu ni nani. Katika jina la Yesu.

Na watu wa Mungu waseme: Amina!