Mtoto wa Ziwani na Maji ya Bamvua

Mume na mke wa kisa hiki nimewatunga, ila gari lao limezama mara nyingi katika fukwe zetu, kila mara likiwa na rangi nyingine na namba nyingine.

Walitoka Arusha kwenda harusini Dar es Salaam, wakaona wapumzike Pangani. Walipofika Segera waliiacha njia ya Chalinze, wakashika ya Tanga. Gari lilikuwa la shemeji, kaka wa mke: gari dogo la mjini, tumbo karibu na ardhi, lenye bima ndogo, ile inayomlipa utakayemgonga na kukuacha wewe na hasara yako. Mume alizaliwa Mwanza, akajifunza kuogelea kabla ya kujua kusoma. Mke ni wa Moshi, na maji yake ya utotoni yalikuwa ya mfereji. Hayo yote yana uzito katika yatakayofuata.

Nahodha wa Ushongo, ng'ambo ya pili ya mto Pangani, alikuwa amewaambia kwa simu kwamba mashua ya kwenda Maziwe itaondoka saa tatu asubuhi. Wao walilala Tanga, wakachelewa kwenye chapati na supu, kisha pantoni ya kuvuka mto hadi Bweni ikawaweka foleni. Walifika saa tano kasoro. Mashua imeshaondoka na wageni wengine, na mume akalalamika kwamba mtu wa biashara hawezi kushindwa kusubiri saa moja au mbili tu.

Nahodha asingeweza kusubiri. Maziwe zamani kilikuwa kisiwa hasa, chenye mivinje na kasa waliokuja kutaga. Serikali ilikitangaza hifadhi mwaka 1975, lakini kufikia miaka ya mwanzo ya 1980 bahari ilikuwa imekwisha kukila. Kilichobaki ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa na kufunikwa yakijaa. Anayepeleka wageni huko haweki saa kwa hiari yake.

Basi wakaamua kujitafutia fungu lao. Mbele yao bahari ilikuwa imerudi nyuma sana, mchanga umelala mgumu na mpana, na mbali kidogo palionekana kisiwa cheupe cha mchanga ambacho mtu angekifikia kwa miguu. Mume akaliteremsha gari hadi mchangani, kwa ajili ya picha. Mzee aliyekuwa akishona nyavu chini ya mnazi akamwita.

"Mwanangu, leo bamvua. Hilo gari lirudishe huku juu."

"Shikamoo, mzee wangu. Usiwe na wasiwasi, mimi mtoto wa ziwani. Maji nayajua."

Kweli aliyajua, lakini ya ziwani. Ziwa Viktoria lina dhoruba zinazoua watu, na kina chake hupanda na kushuka kwa misimu, ila halina kujaa na kupwa kwa kila siku ambako mtu wa ufukweni atakuona. Mtoto wa Mwanza huacha ndoo yake ukingoni asubuhi na kuikuta palepale jioni. Baharini maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika hamsini. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na siku mbili tatu baada ya hapo, huja bamvua: maji hukimbia mbali kabisa, kisha hurudi kwa wingi uleule. Katika pwani yetu tofauti kati ya kupwa na kujaa kwa bamvua hufika mita tatu hadi nne. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo ni kama mita moja tu, na hapo hata mjinga husalimika.

Wenyeji wana hesabu nyingine ambayo mgeni angeibeba bila kalamu. Kwetu, siku za bamvua maji hujaa alasiri, saa kumi au kumi na moja, na kupwa kikamilifu saa nne au tano asubuhi. Yaani ufukwe humpendeza msafiri zaidi saa ileile anayofika, amekwisha kunywa chai, ana siku nzima mbele yake.

Kinachodanganya ni mwendo wa maji. Hayapandi kwa kasi moja. Tuseme yatapanda mita 3.6 kwa saa sita. Saa ya kwanza yatapanda kama sentimita 30, ya pili 60, kisha saa ya tatu na ya nne sentimita 90 kila moja, ndipo yanapoanza kupoa. Mtu anayeyatazama mwanzoni huona yamelala. Na ufukwe wenye mteremko mdogo, wa mita moja kwa kila mita 50, sentimita 90 za kupanda ni mita 45 za ardhi iliyomezwa.

Wale wawili walifika funguni saa sita. Wakapiga picha, wakaoga, wakalala juani. Kwenye miamba jirani palikuwa na akina mama waliokuja kuchokoa pweza, na ilipokaribia saa saba wakakusanya vyao na kurudi nchi kavu wote kwa pamoja. Mke aliwaona. Akasema, "Mbona wale wanaondoka?" Mume akajibu kwamba wamemaliza kazi yao. Mke akanyamaza.

Wengi wakisimulia visa vya namna hii humtwika mume lawama yote. Mimi namgawia mke fungu lake, dogo lakini lake. Aliyaona yaliyotosha, akachagua amani ya safari. Wanandoa huogopa kununiana njiani kuliko wanavyoogopa bahari.

Fungu la mchanga huwa na bonde nyuma yake, upande wa nchi kavu, na maji yanayojaa hupita bondeni kwanza kabla ya kulifunika fungu lenyewe. Walipogeuka, saa nane kasoro, mchanga waliokalia ulikuwa bado mkavu, lakini njia waliyojia ilikuwa mkondo. Maji yalimfika mke kiunoni, kisha kifuani, nayo yanasukuma. Mume alimshika mkono na kumvusha, na hapo kuogelea kwake kulisaidia. Kijana mmoja aliingia kuwapokea. Fukwe zetu nyingi hazina waokoaji wa kuajiriwa, ni vijana kama huyo tu.

Gari lilikuwa bado halijaguswa na maji, ila mchanga chini yake umekwisha kulainika. Mume akakanyaga mafuta, magurudumu yakajichimbia. Vijana waliokuwapo wakamwambia apunguze upepo wa matairi, yatanuke yapate kushika. Akakataa, kwamba ataendeshaje hadi Dar na matairi laini. Alipokubali, maji yalikuwa yamefika kwenye ekseli. Kosa la mwisho lilikuwa kubwa kuliko yote: maji yalipoingia kwenye injini, aliiwasha tena. Maji hayabanwi kama hewa, na injini iliyoyavuta ikilazimishwa kuzunguka hupinda konrodi.

Saa kumi na moja palionekana paa tu. Trekta ililivuta saa tano usiku, maji yalipokupwa. Fundi wa Tanga alitazama nyaya zilizolowa chumvi, akamshauri shemeji aliuze kwa vipuri.

Harusini walifika kwa basi.

Msafiri mwenzangu, simu yako ina programu za kuonyesha saa za maji kujaa na kupwa, na mwezi uko juu bila malipo. Gari liache juu ya mstari wa mwani mkavu, ambapo ndipo maji ya mwisho yalipofikia, na siku ya bamvua liweke juu zaidi ya hapo. Ukiwa funguni, anza kurudi mara tu maji yanapogeuka, wala usingoje kuyaona yakikaribia. Wachokoa pweza wakiondoka, ondoka nao.