Machozi Yasiyo na Maneno

Jioni moja hapo Wote, hebu cheza Peel, albamu ya KMRU ya 2020. Hakuna anayeimba. Hakuna ngoma ya kukuinua kitini. Kuna sauti zilizorekodiwa nje na za sinthesaiza, zimevutwa polepole mpaka husikii mwanzo wala mwisho. Mmoja atasema inamtuliza. Mwingine atatokwa na machozi. Wa tatu atauliza, "Sasa hii ni wimbo ama ni mashine ya kusaga mahindi?"

Nani kasikia vizuri?

Huku Ukambani tumelelewa na benga. Kakai Kilonzo alikupa kisa, ukajua unacheka nini au unasikitikia nini. Hata babu yake KMRU, Joseph Kamaru aliyefariki 2018, aliimba kwa Kikuyu nyimbo zilizojaa mafunzo. Mjukuu ameondoa maneno. Kwa hivyo huwezi kumsingizia huzuni yako; hajakuambia ulie.

Hapo ndipo penye uzito. Wimbo wenye maneno unaweza kukuamulia cha kuhisi, kama mwanasiasa jukwaani. Usio na maneno unakuacha na chako mwenyewe. Anayelia hajakosea, wala anayetulia hajamshinda. Ila ukishajua kilio ni chako, usimwachie msanii. Kiulize kinatoka wapi.

Na rafiki yako akilia, mbona umcheke? Halilii mashine. Kaa naye tu, msikize pamoja mpaka iishe.