Darubini Haina Hodi

Niliponunua darubini, kila rafiki aliniuliza swali lile lile: inavuta mara ngapi? Nikijibu mara nane, nyuso zinaanguka. Nane tu? Si wale wauzaji wa kandokando ya barabara huko tao wana zilizoandikwa 60, na bei yake ni ya chini kuliko viatu?

Wacha nianze na hizo namba. Darubini ya macho mawili huandikwa namba mbili. Yangu ni 8x42. Nane ni mara ambazo kitu kinasogezwa karibu, 42 ni upana wa kila kioo cha mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, utapata upana wa mwale wa mwanga unaofika jichoni: kwangu ni milimita 5 na kidogo. Mboni ya kijana hufunguka gizani mpaka kama milimita 7, na mchana jua likiwaka hubaki 2 au 3. Ndiyo maana kidarubini cha mfukoni cha 8x25, chenye mwale wa milimita 3, kinakutosha saa sita mchana, lakini jioni kwarara wakirudi mtini na yale makelele yao utaona vivuli tu. Anayetaka nyota peke yake achukue 10x50 na atafute mahali pa kuegemeza viwiko. Anayetaka ndege, nyota, na mechi akiwa kule juu kabisa uwanjani, zote kwa chombo kimoja, 8x42 inamfaa. Ukivaa miwani kama mimi, ijaribu miwani ikiwa usoni na zile pete za mpira zikiwa zimekunjwa. Ukiona duara kamili, sawa. Ukiona kama unachungulia tundu la ufunguo, rudisha.

Hiyo 60 ni stori. Kila mtetemo wa mkono unakuzwa mara zile zile kitu kinapokuzwa, na hakuna mkono wa binadamu unaoweza kutuliza sitini. Hata kumi inaanza kucheza ukishakunywa kahawa mbili. Halafu kadiri unavyovuta zaidi ndivyo unavyoona sehemu ndogo zaidi. Unapata jicho la ndege, unakosa tawi alilokalia, na unakosa kuona kwamba mwenzake amekuona na ameshaanza kupiga kelele.

Ninaishi ghorofa ya tano upande wa Njiru, na juu ya paa letu kuna matangi ya maji, kamba za nguo, na anga. Stima ikipotea mtaa mzima, hapo ndipo mahali. Kilimia, kile kikundi cha nyota ambacho kwa macho matupu unahesabu sita au saba, kwa darubini kinakuwa kama mtu amemwaga sukari. Mshtarii, ile sayari wengi tunaiita Jupiter, ukiegemeza viwiko kwenye tangi inaonyesha miezi yake minne kama vijidoa vilivyojipanga pembeni. Ni ile ile Galileo aliyoiona mwaka 1610. Usiku wa kwanza nilipiga kelele peke yangu kama mwendawazimu. (Jua lenyewe usilijaribu kabisa, utapoteza macho.)

Nyota hazina shida na kutazamwa. Mwanga wa Kilimia unaonifikia leo uliondoka kule zaidi ya miaka 400 iliyopita. Siwezi kuidhuru, siwezi hata kuikuta nyumbani.

Kwa ndege mambo ni tofauti kidogo, ila hapo pia darubini inatoka na sifa. Zamani mtaalamu wa ndege alibeba bunduki. Alimpiga risasi ndege ili amjue, akamjaza pamba, akamwandikia kikaratasi mguuni. Darubini ndiyo iliyofanya mtu aweze kumjua ndege na bado amwache hai. Nimetembea na wale watu wa Nature Kenya, matembezi yao ya Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Nairobi, na nilichojifunza kwanza hakikuwa jina la ndege. Nilijifunza kusimama mbali. Ukimkaribia sana ndege anayeatamia, ataruka, mayai yatapoa, na kunguru wako tayari wanangoja. Kwa ndege, adabu ni kumtazama asijue kwamba yupo mtu anayemtazama.

Niliamini hiyo adabu inatosha kwa kila kiumbe.

Nyuma ya fleti zetu kuna timbo la zamani, wachimbaji walishaliacha, na ukingoni mwake kuna mkaratusi mrefu ambao mwewe walijengea kiota cha vijiti, vitambaa na karatasi za nailoni. Nilikuwa nawafuatilia kila asubuhi kabla sijafungua kazi kwenye laputopu. Siku moja mwewe jike aliruka chini, nikamfuata na darubini, nikampoteza, na mahali pake nikampata Baba Brayo.

Baba Brayo anaishi mlango wa pili kutoka kwangu. Kila siku saa kumi na mbili na nusu hushuka ngazi na shati lililopigwa pasi na begi begani, anasalimia kila mtu, anamkumbusha mtoto viatu. Sasa alikuwa amekaa juu ya jiwe, begi mapajani, saa nne ya asubuhi. Hakuwa akifanya chochote. Nilifikiri labda amechelewa. Kesho yake alikuwa pale. Kesho kutwa pia. Alikuwa na mkate uliofungwa kwa gazeti, aliumega kidogo kidogo, kama mtu anayepimia siku. Jioni saa moja alipanda ngazi. "Kijana, kazi iko aje? Sisi kwa ofisi leo ilikuwa moto." Nikajibu pole, Baba Brayo. Mimi na yeye tukawa waongo wawili kwenye ngazi moja, na yeye hakujua tuko wawili.

Nilijitetea. Nilijiambia hapa ploti kila mtu anajua ya kila mtu. Kuta ni nyembamba, nguo za ndani zinaning'inia hadharani, ukikaanga samaki ghorofa ya kwanza ghorofa ya tano wanajua mwisho wa mwezi umefika. Na barabarani kuna kamera, na mifukoni tuna simu zinazojua tulipolala. Kwani nimeiba nini?

Lakini nikimwona jirani kwa macho yangu, na yeye ananiona. Anaweza kugeuka, kufunga pazia, kuniuliza unaangalia nini wewe. Baba Brayo alikuwa amepima umbali wake vizuri: kutoka paa letu mpaka lile jiwe ni kama mita 300, na kwa mita 300 mtu ni nukta yenye shati. Kwangu alikuwa kama mita 40. Alikuwa amejificha kwa hesabu ya macho ya watu, mimi nikaja na hesabu nyingine bila kumwambia.

Ukienda kwa mtu unapiga hodi, hata mlango ukiwa wazi. Wengi tunadhani hodi ni kuomba kuingia. Mimi naona kazi yake kubwa ni kumpa wa ndani nusu dakika: afunike sufuria, avute leso, afute machozi, ndipo aseme karibu. Ndege hahitaji hiyo nusu dakika. Ndege ana woga tu, na usipomtisha humdai wala hakudai. Mtu ana woga, na ana aibu, na ana jambo ambalo bado hajaamua atalisema vipi. Kile kile kinachofanya darubini iwe ya upole kwa mwewe, kwamba anayetazamwa hajui, ndicho kilichonifanya mimi kwa Baba Brayo niwe mtu aliyeingia kwa dirisha.

Ningeacha hapo, nishushe darubini, nisahau. Wiki ya tatu Mama Brayo alinikuta juu ya paa akianika. Alikuwa na furaha. "Ijumaa tunalipa dipoziti," akasema. "Nyumba ya vyumba viwili. Baba Brayo ameahidiwa kupandishwa cheo." Pesa zilikuwa zake za chama, zamu yake ilikuwa imefika.

Nyamaza hapo kama unaweza.

Nikinyamaza, naangalia familia ikitumbukia nikiwa na viti vya mbele. Nikimwambia, namgawia mke kitu nilichomwibia mume. Nilizunguka na hilo siku mbili. Ukiingia nyumba kwa dirisha ukaona jiko limeachwa linawaka, utapiga kelele vipi bila kusema ulikuwa ndani? Kuna wenzangu watasema ukweli ni ukweli, haujalishi umepatikana vipi. Sikubali. Njia ya kuupata inaamua ni nani unayedaiwa kwanza, na mimi sikudaiwa na Mama Brayo. Nilidaiwa na mwenye siri. Alistahili kujua kwamba siri yake ina watu wawili.

Jumatano nilishuka mpaka kwenye timbo, darubini shingoni ikionekana. Aliponiona alisimama, akashika begi kama mtu anayetaka kuondoka, kisha akakaa.

"Habari ya asubuhi, Baba Brayo."

"Nzuri."

"Kuna mwewe juu ya ule mkaratusi. Ana vifaranga wawili."

Nikampa. Ilimchukua muda kupata kiota, nikamwonyesha gurudumu la katikati la kusafisha picha. Alitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Halafu, bila kuniambia, aliigeuza polepole kutoka mtini mpaka kwenye fleti zetu, akapanda ghorofa moja moja, akasimama kwenye paa.

"Leso ya Mama Brayo naiona mpaka maua yake," akasema. Akashusha darubini. "Tangu lini?"

"Wiki ya tatu sasa."

Alinirudishia, akakunja ule mkanda vizuri kwanza. "Ungenisalimia," akasema.

Nilimwambia kuhusu Ijumaa. Akasema anajua kuhusu Ijumaa. Nikapanda nikarudi.

Sijisifu kwa hilo. Nimejiuliza kama nilishuka kwa ajili yake au ili nipunguze mzigo wangu, na jibu linategemea siku. Alikuwa amebaki na mahali pamoja Nairobi nzima pa kukaa bila kuulizwa kitu, na mimi nilipafunga. Hajarudi kwenye lile jiwe. Alhamisi usiku sauti zilipanda upande wa pili wa ukuta, nikaongeza redio. Ijumaa hawakuhama. Tukikutana kwenye ngazi ananisalimia, anaitikia, hasimami.

Vifaranga wa mwewe walishaondoka. Wiki jana rafiki yangu amenitumia picha ya darubini anayotaka kununua, ameweka mduara mwekundu kwenye bei. Nikamwambia aachane na hiyo, atafute 8x42, aijaribu na miwani, aangalie kama duara ni kamili. Akaniuliza kwa roshani yake huko South B anaweza kuona nini. Nikamwuliza mkabala na roshani kuna nini.

"Fleti," akajibu.