Kakao Imesingiziwa

Kwenye orodha za "usiguse" wanazotumiana watu wanaopunguza wanga, kakao hupangwa safu moja na soda na keki. Hukumu hiyo imesoma nusu ya ushahidi. Ni kweli gramu 100 za unga wa kakao mtupu zina wanga gramu 58 hivi, na anayeishia hapo lazima ashtuke. Lakini zaidi ya gramu 30 kati ya hizo ni nyuzinyuzi, ambazo hazigeuki sukari ya damu. Tena nani anakunywa gramu 100? Kijiko cha chakula kina gramu 5 hivi, na wanga unaomeng'enywa humo ni gramu moja au mbili. Hata anayejibana kwa gramu 20 kwa siku anaumudu.

Mhalifu yuko kwenye kopo jingine. Viambato huorodheshwa kuanzia kilicho kingi, na makopo mengi ya chokoleti ya kunywa huanza na sukari; mnunuzi amelipia sukari yenye rangi ya kakao. Kuna watakaosema basi tutie asali, maana ni ya asili. Kijiko cha chakula cha asali kina wanga gramu 17 hivi, na kongosho haliulizi kama utamu umetoka mzingani au kiwandani. Maziwa nayo tunayasahau: mililita 250 zina sukari yake yenyewe gramu 12 hivi, kuipita mbali kakao iliyokorogwa humo. Maji ya moto na tui zito kidogo vinatosha. Itakuwa chungu, sibishi, lakini mbona kahawa chungu ya vijiweni tunaipenda? (Kashata ya pembeni ni kesi nyingine.)

Wapo pia wanaoitetea kakao kupita kiasi, wakaifanya dawa ya moyo. Utafiti wa COSMOS wa Marekani, uliotoa matokeo mwaka 2022 baada ya kufuatilia watu zaidi ya 21,000, uliona vifo vya moyo vikipungua kwa waliopewa dondoo ya kakao, ila matatizo ya moyo na mishipa kwa jumla hayakupungua kwa kiwango cha kuthibitisha chochote. Na vile vilikuwa vidonge, si kikombe. Kwa hiyo kakao inywewe kama kinywaji, bila sukari, bila hofu. Anayetumia insulini, huyo amwone daktari kabla ya kupunguza wanga, kwa sababu dozi yake huenda ikahitaji kupunguzwa pia.