Kazi Iko Ukutani, Mwenye Kazi Yuko Wapi?

Katika maonyesho ya sanaa, hapa kwetu Kongo na huko Ulaya, vitambaa vya rafia vya Bakuba wa Kasai vinapendwa sana. Mchoraji Mfaransa Henri Matisse alivitundika katika chumba chake cha kazi. Lakini tusome karatasi ndogo ya pembeni. Mara nyingi inasema tu: « Bakuba, Kasai ». Basi! Mwanaume aliyefuma, mwanamke aliyedarizi kwa miezi mingi, majina yao hakuna. Jina la Matisse sisi wote tunalijua.

Wengine watatujibu: zamani ilikuwa kazi ya ukoo, tena kitambaa kilizikwa pamoja na marehemu, nani alitafuta sifa? Ni kweli. Lakini kule kijijini jina halikuhitaji karatasi, majirani walijua nani amedarizi nini. Kitambaa kikisafiri, ujuzi ule unabaki nyuma.

Sisi tunaona hivi: kuheshimu desturi si kuficha wale wenye kuishika. Tukionyeshwa nyungu, shanga ao kitambaa, tuulize kwanza: nani alifanya hii, na alilipwa ngapi? Kama angali hai, aitwe asimame karibu na kazi yake.