Ushindi Mfukoni mwa Aliyeshindwa

Juni 18, 1815 Napoleon alishindwa Waterloo, mahali palipo Ubelgiji leo. Vita vile vilipotimiza miaka 200, mwaka 2015, Ubelgiji ilitaka kutoa sarafu ya kumbukumbu ya euro 2. Ufaransa ikapinga, na sarafu kama 180,000 zilizokwisha kutengenezwa zikaharibiwa. Wabelgiji hawakuishiwa. Kanuni za euro zinairuhusu nchi kutoa sarafu ya thamani isiyo ya kawaida, mradi itumike ndani ya mipaka yake tu. Basi wakatoa ya euro 2.50! Ujanja huo uliwachekesha wengi, nami nimo.

Kicheko kando, je, mshindi ana haki ya kumtilia aliyeshindwa ushindi huo mfukoni? Wapo wasemao kwamba Ufaransa ililalamikia kidonda kilichopona zamani. Sikubaliani nao. Kile kilima cha simba kilichoko Waterloo huendewa na anayetaka kukiona. Sarafu humfuata mtu alipo. Ile ya euro 2 ingekuwa fedha halali hata Paris, na muuza mkate wa huko angeipokea apende asipende. Ya 2.50 haimlazimishi, kwa hiyo sioni ubaya wake. Waterloo ni ardhi ya Wabelgiji, na kukumbuka yaliyotokea kwao ni haki yao.

Sisi nasi tuna historia ya sarafu. Mwaka 73 Hijria jeshi la Khalifa Abd al-Malik bin Marwan lilimuua Abdullah bin Zubayr (r.a.) Makka, baada ya mji ule mtukufu kupigwa kwa manjaniki. Mwaka 77 khalifa huyo akatoa dinari mpya. Hakuandika ushindi wake, wala jina lake. Aliandika maneno ya tauhidi na ile aya isemayo kuwa dini ya haki itazishinda dini zote. Sisemi alikuwa mpole. Manjaniki si upole. Lakini aliyefiwa upande wa Ibn Zubayr aliweza kuipokea dinari ile bila kukumbushwa maiti wake.

Na Mkristo wa Sham, ambaye naye aliuza na kununua kwa dinari hiyohiyo? Kwangu mimi aya ile ni haki. Kwake ilikuwa tangazo la kushindwa, na sokoni hakuwa na hiari. Hapo hoja yangu inanibana: kwa kipimo nilichompimia muuza mkate wa Paris, naye alikuwa na la kulalamikia.